Choo cha Shangazi

Mkorosho wenyewe ulikwisha kuanguka zamani, mwaka wa mvua kubwa, na kuni zake zikapikiwa wali wa maulidi. Lakini shule iliyokuwa kando yake iliendelea kuitwa Mkorosho Mmoja, na watu wa Bofu, mtaa wa Likoni, hawakuona ajabu yoyote. Likoni ina majina mengi ya vitu visivyokuwapo. Katika shule hiyo alifundisha Mwalimu Mwanatabu Faki, tangu ujana wake hadi alipostaafu, na ukiuliza habari zake utaambiwa mambo mawili: kwamba hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na kwamba ndiye aliyemtuma mwalimu mkuu kumtajia mkwewe choo mbele ya kamati nzima ya wazazi. Hilo la pili husimuliwa kwa kicheko. Wengi wanaocheka hawajui lilimgharimu nini.

Alizaliwa pale pale Bofu, mtoto wa mkulima wa minazi na mihogo. Enzi zake wasichana walioingia shule walikuwa wachache, na walioimaliza wachache zaidi. Wakifika umri wa kuvunja ungo walitoweka mmoja mmoja. Hakuna aliyewafukuza. Msichana alikosa siku mbili, mwezi wa pili akakosa juma zima, kisha baba akasema kwamba kama hasomi basi na akae nyumbani amsaidie mamake, na mambo yakaishia hapo. Mwanatabu hakutoweka. Shule ilipakana na nyumba ya shangazi yake, mjane aliyeishi peke yake na kuku wake, na nyumba ile ilikuwa na choo cha uani chenye mlango wa bati, mtungi wa maji na kata. Ilipobidi, Mwanatabu alipenya kwenye ua wa minyaa, akaingia, akatoka, akarudi darasani. Ni hayo tu. Watu walimsifu kwa akili na baba yake akamsifu kwa bidii, lakini mwenyewe alijua kwamba miongoni mwa wale waliotoweka walikuwamo waliomshinda hesabu kila muhula. Walichokosa wao ni shangazi.

Fikira hiyo hakumwambia mtu. Hapakuwa na wa kumwambia. Alikwenda chuo cha ualimu, akarudi, akaolewa na mtoto wa Mzee Mwinyihaji aliyekuwa akifanya kazi bandarini, na maisha yakamwendea kama yanavyowaendea watu, asubuhi shule, jioni jikoni. Mkwewe, Mzee Mwinyihaji, alikuwa mtu wa msikitini na shambani, mpole, mwenye neno fupi. Naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mwanatabu hakupata kula mbele yake. Akiitwa naye aliitika "abee, baba" macho yakiwa chini, na mzee akiingia chumbani yeye alitafuta la kufanya jikoni. Watu wa bara wakiliona jambo hili hudhani ni woga. Si woga. Heshima si utumwa, ndivyo tusemavyo, na ni kweli. Ila hakuna anayesema kwamba ni ya bure.

Mwaka wa themanini na tano serikali ilibadilisha masomo, na shule za msingi zikatakiwa ziwe na darasa la nane, karakana ya ufundi, na chumba cha sayansi kimu ambamo watoto wangefunzwa kupika na kushona. Mkorosho Mmoja haikuwa na hata kimoja. Ilikuwa na jengo refu la mawe na udongo ambalo wazazi walilijenga kwa mikono yao zamani, nalo masika yaliyofuata yakaliingiza maji katika msingi. Ukuta wa darasa la nne ulipasuka kutoka juu hadi chini, na watoto wakawa wanapitishiana maembe mabichi kwenye ufa. Kamati ikakata shauri: jengo lote livunjwe, lijengwe upya.

Hapo ndipo alipoletwa Bwana Phineas Mutua kuwa mwalimu mkuu. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mnene kidogo, mwenye kitambaa cha jasho mkononi wakati wote, kwani joto la pwani lilimtesa na hakulificha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mutua alikuwa ametoka katika semina moja ya walimu wakuu, na huko alisikia jambo lililomkaa moyoni: kwamba shule ni ya watoto, kwa hiyo watoto waulizwe waitakaje. Wengine waliokuwa katika semina hiyo walikula chakula cha mchana wakalisahau. Yeye alikuja nalo hadi Likoni, akalivusha feri, akalitua mbele ya kamati. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Mtoto kuulizwa nyumba ijengwe vipi ni jambo ambalo hawakupata kulisikia, lakini mgeni hakatazwi siku ya kwanza, wakamwambia na afanye. Kazi akapewa Mwanatabu, kwa sababu ndiye aliyefundisha sanaa na ufundi, na yeye alifundisha sanaa na ufundi kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka somo hilo.

Aliifanya kama alivyofanya kila kazi, bila maneno mengi. Aliwachukua darasa la sita na la saba, akawapa karatasi kila mmoja, akawaambia wachore shule wanayoitaka. Zilirudi karatasi za kila namna. Kijana mmoja, Mwarandu, aliyekuwa kiongozi wa darasa la saba, aliichora afisi ya walimu mbali kabisa na madarasa, ng'ambo ya kiwanja, ili mwalimu akitoka na fimbo aonekane mapema. Mwingine alichora karakana kubwa kuliko shule. Wengi walitaka madirisha pande zote mbili, upepo uingie huku utokee kule. Wengi pia walitaka baraza ndefu ya kukalia mbele ya madarasa, kama ilivyo kwenye nyumba zao, kwani nyumba isiyo na baraza watu hukaa wapi? Aliyechora vizuri kuliko wote ni msichana wa darasa la saba, Mwanasaumu, binti yake Boga. Huyo alipima kila kitu kwa kidole gumba, na madarasa yake yote yakalingana.

Kisha Mwanatabu akafanya jambo ambalo bado linatajwa pale Bofu. Karatasi aliziona ndogo. Mafundi wa kwetu hawajengi kwa karatasi, hupiga mistari chini, wakaisimamia, wakaitazama. Basi akaomba gunia la chokaa na kamba ya katani, akawatoa watoto hadi kiwanja cha mpira, nao wakaichora shule nzima chini kwa ukubwa wake wa kweli. Walivuta kamba, wakamwaga chokaa, wakabishana, wakafuta kwa miguu, wakaanza upya. Ilipokwisha waliingia ndani yake. Kwa siku kadhaa masomo yalifanyika humo, wakiwa wamekaa mchangani katikati ya mistari. Jambo la kuchekesha ni kwamba hakuna mtoto aliyekubali kuvuka ukuta. Walizunguka hadi penye nafasi ya mlango, wakaingia mmoja mmoja, na mdogo wa darasa la pili aliyekatiza ukutani alifukuzwa kwa kelele. Mutua alisimama akatazama, kitambaa kikiwa kimesahauliwa mkononi, akasema kwamba hajaona shule nzuri kama ile tangu aanze kazi.

Choo nacho kilikuwapo. Wavulana ndio waliokipigia mistari, palepale kilipokuwa cha zamani, ukingoni mwa kiwanja: jengo moja lililogawanywa katikati, huku wavulana, huku wasichana, milango yote ikitazama uwanjani. Hawakuwa na nia mbaya. Kwao choo ni mahali unapokimbilia mpira ukiendelea, na unataka uone mechi ukitoka.

Mwanatabu alirudi kuzitazama zile karatasi. Katika zote za wasichana, hata ile ya Mwanasaumu iliyopimwa kwa kidole, hapakuwa na choo. Alizipitia tena akidhani amekosea. Siku ya pili akakaa barazani, yaani ndani ya mistari ya baraza, akawatazama wasichana wakizunguka katika shule ya chokaa. Waliingia kila chumba. Walipika chakula cha uongo katika chumba cha sayansi kimu. Lakini upande wa kile choo hawakukanyaga, wakipita karibu nacho walipinda njia.

Aliwauliza darasani. Aliwauliza mbele ya wavulana, na Mutua amesimama mlangoni akiwatia moyo kwa kutikisa kichwa: je, kuna kitu chochote wasichana wangependa kiongezwe? Wasichana wakatazama madaftari. Mmoja akasema kabati. Mwingine akasema maua. Mwanatabu akaandika kabati na maua.

Hapa mtu wa mbali anaweza kumwona mjinga, na pengine ana haki. Mwanamke huyu alilijua jambo lenyewe kuliko yeyote aliyekuwapo. Lakini alilelewa na watu walewale waliowalea wasichana wale, na walichofunzwa wote ni kwamba kuna maneno ambayo msichana wa watu hayasemi mbele ya wanaume. Alipouliza vile, aliuliza akijua hatajibiwa, na sijui kama moyoni hakushukuru.

Kamati ilikaa Jumatano. Mistari ilitembelewa, fundi akaulizwa, akasema yajengeka. Kuhusu choo wazee waliuliza jambo moja tu, lile linalosemeka: mtu akiketi ataelekea wapi? Wakaambiwa hataelekea kibla wala hataipa mgongo, wakaridhika. Boga, baba yake Mwanasaumu, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja Changamwe na aliyeomba ruhusa ya siku hiyo, aliisifu baraza. Mwishoni Mzee Mwinyihaji akamgeukia mkazamwanawe, macho yake yakitazama kando kama ilivyo adabu, akamuuliza kama kuna jingine.

"Hakuna, baba," alisema Mwanatabu.

Ikapitishwa kwamba msingi uchimbwe Jumatatu.

Siku ya pili yake Mwanasaumu hakuja shule. Hakuja na Ijumaa. Mwezi uliopita alikosa vivyo hivyo, na mwezi wa kabla yake pia, na Mwanatabu hakuhitaji kufungua rejista ili ajue. Mchana ule wa Ijumaa, watu walipokuwa msikitini, alijitanda buibui akaenda kwa Boga. Alimkuta mama yake Boga, Bi Mwanatatu, ameketi uani juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi. Bibi huyu alikuwa somo wa mtaa. Kwetu msichana akivunja ungo hapewi mafunzo na mamake. Hutafutiwa mwanamke mtu mzima, somo, amfunze kujistiri na kujitunza, na mambo hayo msichana hatayazungumza na mtu mwingine hadi afe mmoja wao. Nusu ya wake wa Bofu walipita mikononi mwa Bi Mwanatatu. Alikuwa na ulimi mkali na goti bovu, na hakupenda kukatizwa akikuna nazi.

Mwanatabu alimwamkia, akajibiwa marahaba, akakaa. Alisema amekuja kumwangalia Mwanasaumu.

"Yuwalala ndani. Haumwi," alisema Bi Mwanatatu. "Babake amesema hii ndiyo mara ya mwisho. Akikosa tena, atakaa na mimi hapa akune nazi, mwakani atafutiwe mume. Asema mtoto shule imemkinai."

"Haikumkinai."

"Najua haikumkinai. Mimi si nd'o somo wake?"

Mwanatabu akaeleza, kwa kuzunguka sana, habari ya karatasi zisizo na choo, na jinsi alivyowauliza wasichana wakataka maua. Bibi aliweka kifuu chini. Akamwambia kwamba hakuwauliza, aliwaaibisha. Mtoto aliyelelewa vyema angejibu nini, mbele ya wavulana na yule Mkamba mlangoni? Kama ataka kujua, awalete hapa uani, jioni hiyohiyo, mlango ufungwe, na yeye mwenyewe akae pembeni anyamaze.

Wakaja baada ya alasiri, wasichana wa la sita na la saba, leso vichwani, wakijifanya wamekuja kujifunza kusuka. Mwanasaumu alitoka ndani akakaa nao. Bi Mwanatatu akawatupia kijiti cha ufagio, akawaambia wachore. Kwanza hakuna aliyeshika kijiti. Kisha kila mmoja alikitaka. Mwanatabu alikaa pembeni kama alivyoagizwa na akanyamaza, na alichokiona uani pale siku ile hakukisahau. Wasichana walikuwa nacho kichwani chote, kimekamilika, pengine tangu darasa la tano. Choo chao kikae upande wa pili kabisa, mbali na kiwanja. Kiwe na ukuta wa kukinga mlangoni, uliopinda, mtu asionekane akiingia. Maji yawe ndani, si nje, usitembee na ndoo mbele za watu. Pawe na pembe ya kuoshea, na kamba ya kuanikia iliyofichika. Na njia ya kwendea, hili lilikuwa lake Mwanasaumu, ipite nyuma ya chumba cha sayansi kimu. "Ili mtu akituona," alisema kwa sauti ndogo, "adhani tunakwenda kupika."

Walicheka wote, hata somo. Mwanatabu hakucheka. Alifunika uso kwa mtandio wa buibui, na walioketi karibu naye walimsikia akilia.

Wasichana walipoondoka alimwomba Bi Mwanatatu aende yeye mbele ya kamati. Ni mtu mzima. Mzee Mwinyihaji ni mtani wake, anaweza kumwambia lolote wakacheka likaisha. Bibi alikataa katakata. Yeye, alisema, akilisema litakuwa utani, na utani haujengi choo.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema, akakirudia kifuu chake. "Mwalimu ni wewe."

Jumamosi asubuhi kabla ya jua kuwa kali, Mwanatabu na wasichana walikwenda kiwanjani na chokaa iliyobaki. Waliufuta kwa miguu upande wao wa kile choo cha pembeni, wakapiga mistari mipya nyuma ya chumba cha sayansi kimu, ukuta wa kukinga na pembe na vyote. Kamati ilipofika na fundi kuweka vigingi, wakakuta shule imebadilika. Wavulana walikuwa wamekuja kutazama. Mwarandu alifungua kinywa apinge, akawaona wasichana wamesimama wote kwa pamoja wakimtazama, akakifunga.

Mzee Mwinyihaji alisimama penye mistari iliyofutwa, akauliza, bila kumtazama mtu, ni nani aliyehamisha.

Kila mtu alijua kwamba mkwe haambiwi maneno ya namna hiyo. Mwanatabu alivuta buibui hadi usoni, akageuka ubavu ili asimkabili mzee, akamwelekea Bwana Mutua aliyekuwa amesimama kati yao.

"Mwalimu mkuu," alisema, "mwambie mwenyekiti ni mimi."

Mutua alimtazama, akamtazama mwenyekiti aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumshika bega. Alikuwa ameishi pwani miezi michache tu, lakini hakuwa mjinga.

"Mwenyekiti," alisema, "anasema ni yeye."

"Muulize kwa nini."

"Anauliza ni kwa nini."

"Mwambie wasichana hawawezi kuingia choo kinachotazamana na kiwanja, na hasa wakiwa katika siku zao. Mwambie ndiyo sababu wanakosa shule. Mwambie ndiyo sababu wanaacha."

Hakuna Mkamba aliyefunzwa kumwambia mzee maneno hayo pia. Mutua alijifuta uso, akajifuta shingo, akakikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akasema yote. Alisema kwa Kiswahili chake cha bara, "ile mambo yao ya kila mwezi, mwenyekiti," na wazee wengine wakatazama minazi. Lakini hakuruka neno, na kwa hilo peke yake mimi naona anastahili kukumbukwa.

"Na mwambie," aliendelea Mwanatabu, "mimi sikusoma kwa akili. Nilisoma kwa choo cha shangazi yangu, kilichokuwa pale nyuma ya ua. Wenzangu hawakuwa na shangazi."

Hili Mutua hakuwa na haja ya kulirudia, kwa kuwa kila mtu alilisikia. Alilirudia hata hivyo, polepole. Boga alikuwa akikwaruza chokaa kwa ncha ya kiatu. Aliacha.

 Mzee Mwinyihaji aliizunguka mistari ile mipya, akaingia kwa kuufuata ukuta wa kukinga, kwa njia yake, bila kuvuka ukuta wowote, akasimama ndani.

"Muulize," alisema, "wakiketi wataelekea wapi."

"Mwambie hawataelekea kibla wala kuipa mgongo. Wamelipima wenyewe."

"Mwambie nimesikia."

Akatoka penye mlango, akamwambia fundi aweke vigingi.

Jumatatu Mwanasaumu alirudi shule, na Boga ndiye aliyemleta, ingawa hakusema na mtu, alimfikisha tu akageuka kukimbilia feri. Ujenzi ulichukua mwaka na ushei, kwani mawe yalikuja kwa harambee na harambee huja inapotaka. Katika muda huo Bi Mwanatatu aliwafungulia wasichana uani kwake, akilalamika kila siku kwamba wanammalizia maji. Wasichana walioingia darasa la nane mwaka uliofuata walikuwa wengi kiasi kwamba madawati hayakutosha. Mwanasaumu alifanya mtihani wake, akaenda sekondari, akaishia kuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja kule Mjambere. Hakuwa daktari. Alikuwa na mshahara wake, na mume alijichagulia mwenyewe.

Mwanatabu yeye alilipa. Tangu Jumamosi ile Mzee Mwinyihaji hakumsemesha tena. Hakumtukana, hakumsengenya, na mwanawe alipojaribu kumwombea msamaha alimwambia hakuna kosa la kusamehe. Ila kile kilichofanyika kiwanjani hakikuisha. Mwanatabu mwenyewe ndiye aliyeleta mtu wa katikati, basi mtu wa katikati akabaki. Siku ya Idi mzee alimwambia mjukuu wake, "Mwambie mamako chakula kizuri," na Mwanatabu ameshika sinia mbele yake. Mumewe alipougua, mzee alimuuliza jirani ampe habari, na Mwanatabu amekaa kitandani pale pale. Aliumia. Aliniambia hivyo uzeeni, kwa maneno hayohayo, kwamba aliumia kuliko alivyodhani mtu aweza kuumia kwa salamu. Alimpenda mzee yule kama baba, na alijua naye anampenda, na hapakuwa na njia ya kurudi mahali ambapo neno lile halijasemwa.

Mutua alihamishwa, akapewa shule ya kwao kwenye ubaridi. Mwanatabu akawa mwalimu mkuu, wa kwanza mwanamke pale Mkorosho Mmoja. Baraza ilijaa watoto, rangi ikabambuka, ikapakwa tena, ikabambuka tena.

Mwaka wa tisini na nne, muhula wa kwanza, Mzee Mwinyihaji alikuja shuleni. Alikuwa amezeeka sana, akitembea kwa bakora. Alimshika mkono mjukuu wake, binti wa mwanawe mwingine aliyekuwa akiishi Mishomoroni, msichana mrefu wa darasa la sita aliyekuwa amekosa shule yake ya zamani mara nyingi na hakuna aliyejua kwa nini. Mwanatabu alimwona kupitia dirishani. Akasimama, akavuta mtandio, akatazama huku na huku amtafute mtoto wa kuwapelekea maneno. Watoto wote walikuwa darasani. Afisini hapakuwa na mtu wa tatu.

Mzee alisimama mlangoni akipumua.

"Mwanatabu."

"Abee, baba."

Alimtazama mjukuu wake, akaitazama bakora, akatazama njia inayopita nyuma ya chumba cha sayansi kimu.

"Na kule," alisema, "kungaliko?"

"Kungaliko, baba. Na maji yamo."

"Basi mwandike."

Akaingia, akakaa kwenye kiti mbele yake, akangoja aandikwe.